Deep River: Mji Mdogo wa Connecticut Ulioishi kwa Pembe za Unguja

Katika masomo yetu ya historia, safari ya pembe ya ndovu huishia forodhani. Mwalimu anaeleza jinsi ilivyotoka Tabora au Ujiji, ikapita Bagamoyo, ikavushwa hadi Unguja, ikapakiwa melini, na hapo kengele inalia. Wachache huuliza meli ile ilikwenda wapi. Nyingi zilielekea Marekani, na kwa karibu karne nzima sehemu kubwa ya pembe zao ilifikia mji ambao hata Wamarekani wengi hawaujui: Deep River, katika jimbo la Connecticut, wenye wakazi wasiofika 5,000.

Mji huo uko ukingo wa magharibi wa Mto Connecticut, mto mrefu kuliko yote ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Mto unaanzia karibu na mpaka wa Kanada, unateremka kusini zaidi ya kilomita 600, kisha unaingia katika mkono wa bahari uitwao Long Island Sound. Kwa ukubwa wake ungetarajia jiji mlangoni pake. Halipo. Mchanga umejilundika pale mto unapokutana na bahari na kuzizuia meli kubwa, hivyo kingo za chini zimebaki na miji midogo yenye nyumba za mbao, miti mikubwa na magati ya mashua. Jirani wa kusini wa Deep River ni Essex, wa kaskazini ni Chester. Vijito vinavyoshuka kutoka vilima vya magharibi ni vidogo lakini vina kasi, na kasi hiyo ndiyo iliyokuja kusaga, kupasua na hatimaye kukata pembe.

Wenyeji wa bonde hilo walikuwa watu wa jamii ya Waalgonkini, waliovua samaki mtoni na kulima mahindi. Mwaka 1635 Waingereza walianzisha koloni la Saybrook penye mlango wa mto, wakalipa majina ya mabwana wawili waliolidhamini, Lord Saye na Lord Brooke. Mhandisi wa vita, Lion Gardiner, aliwajengea ngome, na haikupita muda Wapequot, kabila mojawapo la wenyeji, wakaizingira katika vita vya mwaka 1636 na 1637, vilivyomalizika kwa Wapequot kuuawa kwa mamia na waliosalia kutawanywa au kufanywa watumwa. Mwaka 1644 Saybrook iliunganishwa na koloni la Connecticut. Mahali panapoitwa Deep River leo palikuwa shamba na msitu wa Saybrook hiyo. Jina lenyewe la Deep River halikuwa rasmi kwa mji hadi mwaka 1947.

Watu wa Saybrook hawakuwa wapole. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Yale kiliidhinishwa mwaka 1701 na kwa miaka kadhaa kilikuwa kwao. Kilipohamishiwa New Haven, watu walivizuia vitabu visiondoke: mikokoteni ikaharibiwa, madaraja yakabomolewa, na vitabu kadhaa vikapotea njiani visionekane tena. Mtoto mwingine wa Saybrook, David Bushnell, alitengeneza nyambizi ya mbao ya mtu mmoja iliyoitwa Turtle, akaijaribu katika mto huu, na mwaka 1776 ikapelekwa bandari ya New York kuishambulia manowari ya Kiingereza. Shambulio lilishindwa. Waingereza nao walilipa deni vita vya pili kati yao na Marekani vilipofika: usiku mmoja wa Aprili 1814 askari wao walipiga makasia kupanda mto hadi Essex, wakachoma meli zaidi ya 20, wakaondoka.

Mji uliojua kuunda meli, kuchonga mbao na kutumia maji ya vijito ulikuwa tayari kwa kazi nyingine. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi wa Saybrook, Phineas Pratt, alitengeneza mashine ya kukata meno ya vitana vya pembe. Kabla yake kila jino lilikatwa kwa mkono. Vitana viliuzika, lakini utajiri haukutoka huko. Ulikuja na piano. Karne ya 19 ilivyosonga, familia ya Marekani iliyotaka kuonekana ya watu wastaarabu ilinunua piano na kuiweka sebuleni, na piano yenye heshima ilifunikwa vibonye vyake vyeupe kwa pembe. Piano ya kawaida ina vibonye vyeupe 52. Mwaka 1909 pekee viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 300,000.

Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kuliko ya magharibi mwa bara kwa kuwa ni laini zaidi, inakatika vizuri na haipasuki haraka. Njia ya kuipata ilikuwa imeshafunguliwa. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ushuru ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Waters alishirikiana na Jairam Shivji, mkuu wa forodha, na mambo yakamnyookea. Meli za Salem, na baadaye za Providence na New York, zilileta merikani, bunduki na waya, zikaondoka na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi.

Merikani yenyewe inastahili kutazamwa kidogo. Kitambaa hicho kilichovaliwa kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, na kikatumika kama fedha njiani, kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya majimbo ya kusini. Pamba hiyo ilichumwa na watumwa. Jasho la Mwafrika wa Alabama lilikuja Tabora likiwa limekunjwa katika majora, likabadilishwa kwa pembe, na pembe ikarudi Connecticut. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861 na pamba ikakatika, merikani iliadimika Unguja na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.

Upande wetu, pembe ilibebwa begani. Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vya zama zile vilieneza picha moja: mtumwa mwenye minyororo anabeba pembe hadi pwani, kisha anauzwa pamoja na mzigo wake. Walikuwapo watu wa namna hiyo. Lakini wapagazi wengi wa njia ya Tabora walikuwa Wanyamwezi waliojiajiri kwa ujira wa vitambaa, wakijua thamani ya kazi yao, wakigoma au kutoroka ujira unapopunjwa. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya ustadi wao. Ukatili mkubwa zaidi ulikuwa mbele ya njia: kadiri ndovu walivyopungua karibu na pwani, ndivyo misafara ilivyosogea magharibi, ikavuka ziwa hadi Manyema. Huko, katika zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, vijiji vilichomwa na watu kukamatwa ili pembe zipatikane.

Turudi Deep River, kwa shemasi George Read. Alikuwa mmoja wa wenye viwanda wa kwanza wa pembe mjini, mtu wa kanisa la Baptisti, na mpinzani wa utumwa tangu wakati ambapo upinzani huo ulimletea mtu maadui. Kijana mmoja mtoro kutoka Virginia, Daniel Fisher, alifika mlangoni kwake baada ya safari ndefu ya kujificha kupitia Philadelphia, New York na New Haven. Read alimpokea na kumpa kazi. Fisher alibadilisha jina akawa William Winters, akavaa nywele za bandia asitambulike na wawindaji wa watumwa. Alizeekea Deep River, akanunua ardhi, ndugu zake wakamfuata, na alipofariki mwaka 1900 alikuwa mzee anayejulikana na kila mtu. Barabara moja ya mji, Winter Avenue, ina jina lake.

Simdharau Read kwa aliyoyafanya. Mlango wake ulimwokoa mtu. Ila ni mtu yuleyule aliyenunua pembe kutoka Unguja wakati soko lake la watumwa likiwa bado wazi; soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Mtumwa aliyefika kwake kwa miguu alimwona. Aliyekuwa upande wa pili wa bahari alimfikia kama mzigo uliopimwa kwa frasila.

Mwaka 1863 kampuni ya Read iliungana na nyingine mbili kuunda Pratt, Read & Co. Kilomita chache kutoka hapo, ndani ya Essex, Samuel Comstock alikuwa na kiwanda chake, akajiunga naye George Cheney, aliyewahi kukaa Unguja akinunua pembe. Kijiji kilichokua kuzunguka kiwanda cha Comstock, Cheney & Co. kilipewa jina Ivoryton, yaani mji wa pembe. Sehemu kubwa kabisa ya pembe zilizoingia Marekani ilipita kwenye misumeno ya jirani hawa wawili.

Pembe zilifika New York, zikapanda mto kwa meli hadi gati la Deep River, na baada ya reli ya bonde kufunguliwa mwaka 1871, zikaja pia kwa treni. Kiwandani zilipangwa kwa ubora, zikakatwa vipande kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, kisha vipande vikapasuliwa kuwa vibamba vyembamba. Kwa kuwa pembe mbichi ina umanjano, vibamba viliwekwa dawa ya kuvifanya vyeupe na kuanikwa kwa wiki kadhaa katika mabanda marefu yenye mapaa ya kioo yaliyoelekezwa kusini, jua livipige. Hakuna kilichotupwa: mabaki yalifanywa vifungo, vijiti vya meno na vitu vingine vidogo, na vumbi likauzwa kuwa mbolea. Mwaka 1881 moto uliteketeza kiwanda cha Pratt, Read. Kikajengwa kingine cha matofali, kikubwa zaidi, hapohapo.

Redio ilipoingia sebuleni, piano ilianza kutoka, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamaliza kazi. Mwaka 1936 kampuni hizo mbili zikaungana na shughuli zikahamia Ivoryton. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mafundi walewale wa vibonye walijenga ndege za kijeshi zisizo na injini. Miaka ya 1950 plastiki ilichukua nafasi ya pembe kabisa. Marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe ya mwaka 1989, iliyopiganiwa na Tanzania na Kenya, ilikuta misumeno ya Deep River imeshanyamaza kitambo.

Anayefika huko leo ataona mengi kwa siku moja. Kiwanda cha matofali cha Pratt, Read kimegeuzwa nyumba za makazi ziitwazo Piano Works. Nyumba ya mawe ya mwaka 1840 ni makumbusho ya mji. Treni ya mvuke inatoka Essex hadi gati la Deep River, ambako abiria wanahamia kwenye boti na kutazama, ng'ambo ya mto, kasri la mawe alilojijengea William Gillette, mwigizaji aliyepata umaarufu kwa kumwigiza Sherlock Holmes. Ivoryton ina ukumbi wa maigizo ulioanza mwaka 1911 kama jumba la mapumziko la wafanyakazi wa kiwanda. Jumamosi ya tatu ya Julai vikundi vya ngoma na filimbi hukusanyika Deep River kupiga nyimbo za wanajeshi wa zamani. Na katika makaburi ya Fountain Hill liko kaburi la mwizi wa benki aliyepigwa risasi mwaka 1899, asiyejulikana jina, jiwe lake limeandikwa XYZ tu. Inasimuliwa kuwa mwanamke aliyevaa nguo nyeusi alikuwa akilizuru kila mwaka. Mji mdogo hauishiwi hadithi.

Kwa walimu wa historia wa Bagamoyo, Tabora na Unguja, ombi langu ni moja: somo la pembe lisikomee forodhani. Wekeni Deep River kwenye ramani ya darasa, pamoja na Salem, ili mwanafunzi aone mzigo uliobebwa na mababu zake ulimjenga nani, na nani alilipwa kiasi gani.