Mota imekuja, cheni haijastaafu

Baiskeli ya umeme ya milimani humvutia mtu kwa betri na mota yake. Muuzaji akiisifia hutaja umbali na mwendo. Cheni, inayobeba mzigo wote, haitajwi. Historia yake ndiyo inayotueleza kwa nini chombo cha bei kubwa hulala kwa fundi kabla ya wakati wake.

Hapo zamani pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele. Aliyetaka mwendo alikalia gurudumu refu, na akianguka, ameanguka kweli. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alibuni cheni ya pini, bushi na rola. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa baiskeli ya Rover, ambayo cheni yake ilivuta gurudumu la nyuma. Mpandaji akashuka karibu na ardhi, na umbo hilo tunalo hadi leo.

Gia nazo zilipata upinzani. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France, hakuzitaka, na kibadilisha gia kilikubaliwa huko mwaka 1937 tu. Kisha mwaka 1976 vijana wa Marin, California, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Breki za nyuma zilipata moto hata grisi ikaungua, ikabidi kujaza nyingine. Kutokana na michezo hiyo ilizaliwa baiskeli ya milimani.

Mota ilifuata. Mwaka 1993 Yamaha ya Japani iliuza baiskeli ambayo mota yake humsaidia anayekanyaga. Leo baiskeli nyingi za umeme za milimani zina mota hapo kwenye pedali. Maana yake ni kwamba miguu na mota huvuta cheni ile ile moja. Mtu wa kawaida hudumisha wati 100 hivi. Kanuni za Ulaya huruhusu mota ya wati 250, na mlimani kwa muda mfupi hutoa zaidi ya hapo.

Wakati huo huo watengenezaji walikuwa wakishindana kuongeza sproketi za nyuma: 9, 10, 11, hata 12. Nafasi ni ile ile, hivyo cheni ilizidi kuwa nyembamba. Nguvu ikapanda, chuma kikapungua. Mwaka 2016 kampuni ya SRAM ya Marekani, iliyotoa gia 12 mwaka huo huo, ilitoa pia seti ya gia 8 tu kwa ajili ya baiskeli za umeme. Mwaka 2021 Shimano ya Japani nayo ikaleta Linkglide, yenye meno manene zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuboresha asihesabu gia tu. Aulize kwanza uimara.

Matunzo yenyewe si siri. Futa vumbi, tia oili kidogo, futa inayobaki nje, kwa kuwa oili nyingi hukamata mchanga. Unapobadili gia, legeza miguu kidogo ili mota nayo ilegee. Kisha pima. Cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake, ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, pini na bushi zimelika, ibadilishwe.

Madereva wa bodaboda wanalijua jambo hili: cheni iliyolika hula meno ya sproketi, na cheni mpya juu ya meno yaliyolika huruka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta; asiyenunua cheni kwa wakati hununua na sproketi.