Vikundi vya Redio na Kampeni ya Mtu ni Afya

Kikundi cha redio kilihitaji vitu vichache: redio ya betri, kijitabu, mtu mmoja anayejua kusoma, na majirani kama kumi na tano waliokubali kukutana kila wiki. Kuanzia 1969 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania Bara ilitumia vikundi vya namna hiyo kuwafundisha watu wazima mambo ya uchaguzi, historia ya nchi, afya, lishe na misitu.

Mbinu yenyewe ilitoka mbali. Nchini Kanada, tangu 1941, wakulima walikutana majumbani msimu wa baridi, wakasikiliza kipindi kilichotayarishwa kwa ajili yao, kisha wakakijadili. Wito wao ulikuwa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. Mwaka 1956 India iliijaribu katika vijiji vya eneo la Pune kwa msaada wa Unesco, na miaka michache baadaye Ghana ikafuata. Tanzania nayo haikuanzia patupu, kwa kuwa wanaushirika wa Moshi walikwisha kuonja masomo ya redio na vikundi katikati ya miaka ya 1960.

Kilichoipa mbinu hiyo nguvu ni hoja iliyokuwa hewani tayari. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, Julius Nyerere alilaumu shule zilizomfanya mwanafunzi aamini kwamba elimu yote imo vitabuni na kwamba mtihani ndio kipimo chake. Lawama hiyo iliwahusu watu wazima hata zaidi. Mkulima wa makamo haketi kukariri. Asipoona somo linamfaa shambani au nyumbani, haji tena. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha anza majaribio. Kampeni ya Kupanga ni Kuchagua ya 1969 ilieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo. Uchaguzi ni Wako ikaja 1970. Na Wakati wa Furaha, ya maadhimisho ya miaka kumi ya uhuru mwaka 1971, ilikusanya watu wapatao 20,000. Hayo yalikuwa mazoezi tu.

Mtu ni Afya ilianza katikati ya 1973 ikaendeshwa kwa wiki 12. Iliwafikia watu wapatao milioni 2. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa kwa ngazi: wachache walifundishwa kwanza, wakaenda mikoani na wilayani kuwafundisha wengine, na hao wakashuka hadi tarafani. Fedha nyingi za uchapaji na mafunzo zilitoka Sweden. Masomo yalihusu malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, maradhi ambayo kila aliyehudhuria aliyafahamu kwa kuuguliwa.

Mkutano ulikuwa na utaratibu wake. Redio iliwashwa na kipindi kikasikilizwa bila kukatizwa. Kisha sura inayohusika ilisomwa kwa sauti, kwani wengi walikuwa hawajui kusoma. Baada ya hapo redio haikuwa na kazi tena. Kikundi kilijiuliza kama yaliyosemwa yapo hapo kijijini: madimbwi yako wapi, watoto wanaogelea mto gani, nani ana choo na nani anakwenda porini. Mwishoni waliamua jambo la kufanya, kuchimba mashimo ya vyoo, kufyeka majani au kufukia mashimo ya maji, na mara nyingi walikwenda kulifanya kwa pamoja.

Kiongozi alielekezwa asigeuke mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kumpa nafasi aliye kimya na kumzuia msemaji mkuu wa kijiji asihodhi baraza. Sharti hilo lilikuwa gumu kuliko mengine yote, maana wengi waliochaguliwa walikuwa walimu wa shule za msingi, na mwalimu aliyezoea ubao haachi kuhutubia kwa semina ya siku chache. Hata hivyo, penye mjadala wa kweli maelezo ya daktari yaligeuka kuwa maarifa ya wenyeji. Mtu huambiwa mara nyingi kwamba mbu huleta malaria. Akitembea na wenzake kuhesabu makopo na vifuu vinavyotuamisha maji karibu na nyumba yake, neno hilo linapata mahali pa kukaa.

Tathmini nayo ilifuata mkondo huo. Watafiti wa Taasisi, wakiongozwa na Budd Hall, hawakutosheka na kuuliza maswali. Walikagua nyumba katika vijiji kadhaa kabla na baada ya kampeni, wakitazama vyoo, usafi wa uwanja na maji. Mabadiliko yalionekana, hasa katika ujenzi wa vyoo.

Ila mipaka ilikuwepo. Mada zilipangwa Dar es Salaam, na kikundi kiliweza kujadili zaidi namna ya kutekeleza kuliko kama jambo lenyewe linafaa. Katika miaka hiyohiyo serikali iliwahamishia watu katika vijiji vipya, mara nyingine kwa nguvu, na hakuna kikundi cha redio kilichoitwa kulijadili hilo. Aliyechimba choo 1973 akahamishwa mwaka uliofuata alikiacha nyuma. Si rahisi pia kutenganisha aliyeshawishika na aliyeogopa viongozi wa chama. Pengine hata wachimbaji wenyewe wasingeweza.

Chakula ni Uhai ya 1975 ilipata tena washiriki zaidi ya milioni moja, na mwaka huohuo Taasisi, iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatengwa nacho kwa sheria ya Bunge. Kisha hali ya uchumi ikawa mbaya: bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala hazina, na betri, karatasi na petroli ya kusambazia vitabu vikawa adimu. Misitu ni Mali ilifanyika 1980 katika mazingira hayo. Baada yake redio iliendelea kutangaza vipindi vya afya na kilimo, lakini kwa wasikilizaji waliokaa kila mtu nyumbani kwake, bila kijitabu wala kikao.