Kopo, Mtungi na Kiganja: Jiko la Wasioona katika Historia ya Kampala

Historia ya wasioona nchini Uganda imeandikwa kutoka darasani na bungeni. Tunasoma juu ya shule ya Mtakatifu Fransisko ya Madera, Soroti, iliyoanzishwa mwaka 1955. Juu ya kituo cha Salama, Mukono, kilichowafundisha wasioona kilimo. Juu ya Katiba ya 1995 na sheria za watu wenye ulemavu za 2006 na 2020. Jiko halimo. Hata sheria hizo, zinapodai majengo yafikike, husema juu ya majengo ya umma; kizingiti cha jiko la mtu haziruki. Nadai kwamba jiko nalo lina historia, tena si historia ya maendeleo matupu.

Katika jiko la Kiganda la zamani kila chombo kilijitaja kwa umbo lake. Ensuwa ya maji ina shingo nyembamba, entamu ya kupikia ina mdomo mpana, endeku ni kibuyu, ekibbo ni kikapu. Havikufinyangwa wala kusukwa kwa ajili ya kipofu, lakini kiganja hakikuhitaji kuuliza. Bidhaa za viwandani zilipoingia, umbo bado lilisaidia: kopo la Kimbo si kopo la Blue Band, na Tumpeco, kile kikombe cha bati ambacho wauzaji wetu bado wanapimia maharage, hutambulika hata gizani. Kisha ikaja mikebe ya plastiki, yote sawa, inayotofautishwa kwa lebo. Hapo jicho likachukua kazi ya mkono.

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, ambalo wengi hulihesabu kuwa chimbuko la jiko la kisasa. Mchele, sukari na vyakula vingine vikavu viliwekwa katika droo za alumini, kila droo na mahali pake pa kudumu. Wazo hilo lingemfaa sana asiyeona, ila droo zilifanana na jina lilisomwa kwa macho.

Kwa insha hii nilimhoji jajja mmoja wa Kibuli aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani. Wanawe walimnunulia mikebe sita mizuri, inayofanana. Akashukuru, kisha akawa anaionja mmoja mmoja.

“Mjukuu wangu, chumvi nikiikosea, wageni watacheka,” aliniambia. “Mafuta ya taa nikiyakosea, mtanizika.”

Hakuwa anatia chumvi. Mafuta ya taa hununuliwa kwa kipimo na kubebwa katika chupa yoyote iliyokuwa ya maji, na chupa ile ile huishia rafuni kando ya mafuta ya kupikia. Ya kwake sasa hukaa nje, ndani ya jerikani yenye kamba ya katani iliyofungwa fundo mkononi. Mikebe ameivisha vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli: chumvi kimoja, sukari viwili, unga vitatu. Ukingo wa rafu umepigiliwa ubao mwembamba ili mkono unaopapasa usiangushe kitu. Vizito viko chini. Na kuna amri moja ambayo hata wageni huambiwa mlangoni: ulichokitoa kirudishe palepale.

Mwenzangu wa darasa aliuliza kwa nini asitumie lebo za nukta nundu. Jajja hakuwahi kuzisoma, kama wengi wanaopofuka uzeeni; na aliyezisoma naye huingia jikoni na vidole vyenye unga. Mpira huoshwa, haubanduki, na fundi baiskeli huutoa bure. Mimi naona huo ni ubunifu kamili, unaostahili kuandikwa pamoja na jiko la Frankfurt.

Nilipomwuliza alijifunza wapi, alimtaja mwanamke asiyeona aliyekuwa akisuka naye mikeka, ambaye naye alifundishwa na mwingine huko Busoga. Mnyororo huo ndio ninaoufuata sasa.