Vitabu vya Wahmong Vilianzia Kwenye Sindano na Uzi

Ukitafuta chimbuko la vitabu vya watoto kuhusu familia za Wahmong kutoka Laos waliohamia Marekani, utajikuta Ban Vinai, kambi ya wakimbizi nchini Thailand. Mwaka 1975 wakomunisti walipotwaa Laos, Wahmong waliopigana upande wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, katika vita vya siri nchini humo walianza kuvuka mto Mekong kwa kuhofia kisasi. Kambini, mikono iliyozoea kutarizi mapambo kwenye nguo ikaanza kutarizi visa kwenye vitambaa: ndege za vita, familia zinazokimbia, watu wanaopambana na mto. Wapo wanaovitilia shaka vitambaa hivyo kwa kuwa viliuzwa kwa wageni, vingine vikiwa na maelezo ya Kiingereza.  Lakini safari iliyotariziwa ilikuwa ya Wahmong wenyewe.

Vitambaa vikaingia vitabuni. Mwaka 1995 Pegi Deitz Shea, Mmarekani asiye Mhmong, alitoa The Whispering Cloth, kisa cha yatima anayefundishwa kutarizi na bibi yake kambini. Kitambaa kinachoonekana kitabuni kilitariziwa na mtarizi You Yang. Mwaka 1996 Dia Cha, mzaliwa wa Laos, akatoa Dia's Story Cloth, akisimulia historia ya watu wake kupitia kitambaa kilichotariziwa na jamaa zake. Mtu atauliza: kisa kikiwa cha kweli, kuna haja gani ya kujali nani amekiandika? Shea alistahili shukrani, kwani alifungua mlango wakati vitabu vya namna hiyo vilikuwa adimu mno. Hata hivyo, mwandishi wa nje huvutwa kwanza na vita na kambi, na mtoto wa Kihmong akabaki mkimbizi katika kila ukurasa. Kao Kalia Yang, Mhmong aliyezaliwa Ban Vinai mwaka 1980 na kufika Minnesota, Marekani, mwaka 1987, ameonyesha maisha mapana zaidi. Katika A Map into the World, cha mwaka 2019, binti wa Kihmong anamchorea kwa chaki jirani mzee aliyefiwa na mkewe. Katika The Most Beautiful Thing, cha mwaka 2020, mtoto anatamani kunyooshwa meno, ilhali bibi yake amebakiwa na jino moja. Na mwandishi huyu hakuikimbia kambi: mwaka 2021 alirudi Ban Vinai katika From the Tops of the Trees, ambamo baba anambeba bintiye hadi juu ya mti aone dunia iliyo nje ya kambi.

Kwa hiyo mkutubi wa shule yenye watoto wahamiaji asiridhike na kitabu cha vita peke yake. Kando ya Dia's Story Cloth, aweke A Map into the World.