Pikipiki inapokosa nguvu baada ya injini kufungwa upya

PIKIPIKI iliyofunguliwa injini uani na kufungwa upya huweza kuwaka kwa kiki ya kwanza, ikanguruma vizuri, kisha ikashindwa kupanda mlima na abiria mmoja. Kwa dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya kila siku, hatua ya haraka huwa kununua pistoni na silinda nyingine, gharama ambayo mara nyingi haikuhitajika.

Kwanza ni kuhakikisha kuwa kasoro imo ndani ya injini. Iwapo mngurumo unapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Breki inayokamata muda wote nayo hudanganya wengi.

Baada ya hapo hukaguliwa tapeti, injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976 na ambayo injini yake imeigwa na viwanda vingi vya China, nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, pistoni ikiwa imefika kileleni baada ya kugandamiza. Wapo wanaokaza zaidi ili kuondoa kelele. Matokeo yake valvu haifungi sawasawa, mgandamizo huvuja na valvu ya ekzosi huungua.

Kipimo cha mgandamizo ndicho chenye majibu mengi. Plagi hutolewa, kipimo hufungwa mahali pake, aksereta huzungushwa hadi mwisho, kisha kiki hupigwa mara kadhaa mpaka mshale usipande tena. Anayesahau aksereta hupata namba ndogo na kuilaumu injini isiyo na kosa. Kisha kijiko cha chai cha oili humiminwa kwenye silinda na kipimo hurudiwa. Namba ikipanda sana, ringi au silinda ndiyo inayovujisha. Huenda ringi zilipinduliwa, ilhali upande wenye maandishi hutakiwa kutazama juu. Isipopanda, hushukiwa valvu, gasketi ya hedi au taimingi. Jino moja tu la taimingi likikosewa, pikipiki huwaka lakini haivuti.

Hata hivyo, ringi mpya huhitaji muda wa kukaa, hivyo namba ya siku ya kwanza huweza kuwa chini kidogo.

Mgandamizo ukiwa mzuri, hakuna sababu ya kufungua injini tena. Hukaguliwa hewa inayopenya kati ya kabureta na hedi, chujio lililoziba, na kile kitambaa kilichozibia tundu la hewa wakati wa kazi kikasahaulika humo.