Pikipiki ya Babu na Usiku wa Uhuru

Katika familia yetu kila ifikapo tarehe 9 Desemba kuna kisa kimoja ambacho lazima kisimuliwe. Kisa chenyewe ni kwamba usiku wa kuamkia Uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, marehemu baba yetu alipanda pikipiki yake aina ya BSA Bantam, akafunga kibendera cha taifa kwenye usukani, akateremka kutoka Marangu mpaka Moshi mjini kushangilia. Mimi mwenyewe nimekisimulia hapa Birmingham, mbele ya wanajumuiya, zaidi ya mara moja. Watoto wangu wamekiandika shuleni.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulikwenda nyumbani kuifufua pikipiki hiyo. Injini iliwaka. Lakini kile kisa kilirudi kimebadilika, na naona ni haki niwaeleze wale wote niliowasimulia.

Ilikotoka

Kwanza watoto wetu wajue kuwa pikipiki hii na wao wamezaliwa mji mmoja. BSA ni kifupi cha Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji huu, miaka mia moja kamili kabla ya Uhuru wetu. Kutoka bunduki waliingia kwenye baiskeli, kisha pikipiki. Kiwanda chao kikuu kilikuwa Small Heath, barabara ya Armoury Road. Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilikipiga mabomu, na wafanyakazi 53 wakapoteza maisha.

Ajabu ni kwamba Bantam yenyewe asili yake ni Ujerumani. Vita vilipokwisha, Uingereza ilichukua, kama sehemu ya fidia, michoro ya pikipiki ndogo iitwayo DKW RT 125, iliyokuwa ikitengenezwa katika mji wa Zschopau. Mafundi wa BSA waliigeuza kama mtu anavyojiona kwenye kioo: kilichokuwa kushoto kikawa kulia, ikiwa ni pamoja na pedali ya gia. Bantam ikatoka mwaka 1948, ikiwa na injini ya cc 123 na gia tatu. Michoro hiyo hiyo ilitumiwa na Warusi, na Harley-Davidson wa Marekani. Hata Yamaha, pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, waliiga Mjerumani huyo huyo. Kwa hiyo anayepanda Yamaha kijijini leo amepanda binamu wa mbali wa pikipiki ya babu.

Bantam ni jina la kuku wa aina ndogo, na ndiyo maana kwenye tangi walichora jogoo. Hapa Uingereza vijana wa posta waliitumia kupeleka simu za maandishi nyumba kwa nyumba. Ilikuwa nyepesi, ya bei nafuu, na haikuwa na mambo mengi ya kuharibika. Sifa hizo ndizo zilizoifaa barabara ya vumbi ya mlimani. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, chini ya KNCU, ule ushirika wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Kazi yake ilimtaka azunguke vijiji na daftari lake, na pikipiki ilimwokolea saa nyingi za kutembea.

Kwa nini ililala

Baba aliiendesha mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia hapo BSA walikuwa wameshaacha kuitengeneza tangu 1971, na kampuni yenyewe ilikuwa imeanguka muda mfupi baadaye, ikishindwa na pikipiki za Kijapani. Vipuri vikawa adimu. Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, fedha za kigeni zikakauka, petroli ikawa ya foleni. Wakubwa wenzangu wanakumbuka ile miaka ambayo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana.

Katika hali hiyo sili za krenki ziliisha. Injini ya tu-stroki, yaani ile ya kuchanganya oili ndani ya petroli, hupumulia tumboni: pistoni ikishuka ndiyo inayosukuma mchanganyiko kwenda juu. Sili zikivuja, injini haina pumzi. Baba akaiingiza kwenye stoo ya kahawa, akasema itakaa hapo mpaka sili zipatikane. Hazikupatikana. Alifariki mwaka 1996 ikiwa bado imesimama pale pale, imefunikwa magunia.

Baada ya hapo wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara tatu. Mara ya tatu mdogo wangu alikuwa tayari amekubaliana nao bei ya kilo. Mama alikaa mlangoni mwa stoo, akasema watakaoitoa watamtoa na yeye. Wakaondoka. Lakini mdogo wangu naye alikuwa na hoja: chuma kilichokaa miaka zaidi ya arobaini bila kazi kinaliwa na kutu tu, na stoo inahitajika. Tukakubaliana kwamba nije na vipuri. Ikiwaka, itabaki. Ikishindikana, Mama aturuhusu kuiuza.

Kuiamsha

Vipuri vya Bantam bado vinapatikana Uingereza, kwa kuwa wapenzi wake ni wengi. Nilibeba sili, gaskiti, kondensa, pointi, na tairi mbili za inchi 19, vikasafiri kwenye mabegi pamoja na zawadi za ndugu.

Fundi wetu alikuwa kijana wa bodaboda wa pale Marangu Mtoni. Alipoiona tu alitaka kupiga kiki. Nikamwomba asubiri. Chombo kilicholala muda mrefu hakiamshwi kwa teke, kwa sababu ringi zimeshikana na silinda, na ukilazimisha unavunja. Tulitoa plagi, tukamimina oili kidogo ndani, tukaiacha siku tatu. Siku ya nne tuliweka gia ya tatu, tukawa tunalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu, mpaka tukasikia pistoni imeachia. Mwanangu wa kiume, ana miaka 15, alipiga kelele kama Aston Villa wamefunga bao.

Baada ya hapo tuliifungua injini. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka ndani ya kabureta ikawa kama gundi, na jeti yake imeziba kabisa. Tuliizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, maana sindano ingepanua tundu. Tangi tulilitia kokoto na maji ya sabuni, watoto wakalitikisa kwa zamu kutwa nzima, kutu ikatoka nyekundu kama chai. Tuliweka sili mpya, tukasafisha beringi, tukabadilisha pointi na kondensa, tukaona cheche ya buluu kwenye plagi.

Fundi alipendekeza tuipake rangi mpya yote. Mama akakataa. Alisema ule mkwaruzo kwenye tangi anaujua, ni siku walipoanguka darajani na debe la maziwa, na hataki mtu aufute. Basi tuliifuta vumbi na kutia grisi, rangi yake ya kijani iliyofifia tukaiacha.

Kopo la karatasi

Tukiwa katika kazi hiyo, binti yangu wa miaka 12 aliona kopo la maziwa ya unga limetundikwa kwenye msumari ukutani, nyuma ya mahali pikipiki ilipokuwa. Ndani mlikuwa na kadi ya pikipiki, stakabadhi tatu, na kibendera kilichokunjwa.

Akasoma, akanyamaza, kisha akaniita. "Baba, mbona hapa wameandika 1964?"

Stakabadhi zilionyesha kuwa baba aliinunua kwa mkono wa pili, kwa shilingi 700 za Afrika Mashariki, kwa mafungu matatu. La kwanza lilikuwa la mwaka 1963, la mwisho Februari 1964. Muuzaji alikuwa mtumishi wa serikali, Mwingereza, aliyekuwa akifunga mizigo kurejea kwao.

Nilijaribu kujitetea. Nikasema labda kabla ya hapo aliiazima. Binti yangu akakunjua kibendera, akaniuliza kuhusu mstari wa buluu. Hapo sikuwa na la kusema. Bendera ya Tanganyika iliyopandishwa mwaka 1961 ilikuwa ya kijani, nyeusi na dhahabu. Buluu iliingia mwaka 1964, baada ya Muungano na Zanzibar. Kibendera kile hakikuwapo usiku wa Uhuru, na pikipiki nayo haikuwapo.

Tukaenda kwa Mama, watoto wakiwa na lile kopo. Alikuwa akichambua maharage. Aliposikia swali letu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nani aliwaambia alikuwa na pikipiki? Usiku ule tulikwenda kwa miguu. Mimi nilikuwa na dada yenu mkubwa mgongoni."

Akatueleza. Walitoka watu wa kijiji kizima na taa za chemli, wakakusanyika uwanjani, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Walikuwa wameambiwa kwamba askari wetu, Luteni Alexander Nyirenda, anapandisha bendera na Mwenge wa Uhuru juu kileleni Kilimanjaro. "Sisi tulikuwa chini ya mlima ule ule," alisema Mama, "tukatazama juu. Moto hatukuuona. Lakini hakuna aliyetaka kwenda kulala."

Pikipiki na kibendera vilikuja baadaye. Kila Desemba, kuanzia mwaka ule wa 1964, baba alikuwa akiipamba na kwenda nayo kwenye sherehe, sisi watoto tukimkimbilia nyuma. Hilo ndilo tuliloliona kwa macho yetu. Hakuna aliyetudanganya. Sisi wenyewe tulichukua siku mbili tukazishona zikawa moja, kwa sababu mtu juu ya pikipiki anapendeza kusimulia kuliko mtu anayetembea gizani na taa ya chemli.

Nimelitafakari jambo hili sana tangu tuliporudi. Kisa cha kweli naona kina uzito kuliko kile cha zamani. Pikipiki haikumpeleka baba kwenye Uhuru. Uhuru ndio ulioileta pikipiki. Mwenye nayo aliondoka kwa sababu nchi ilikuwa imepata wenyewe, na karani wa kahawa akaweza kuinunua kidogo kidogo kwa jasho lake. Ule usiku wenyewe ulikuwa wa watu wote, na wote walikwenda kwa miguu, akina mama wakiwa na watoto mgongoni. Katika kisa chetu cha zamani Mama hakuwamo kabisa.

Ilivyowaka

Siku ya tisa tulichanganya petroli sehemu 20 kwa oili sehemu moja, tukaitoa uani. Mama aliletewa kigoda. Fundi alipiga kiki mara kumi na mbili, akapumzika, nikapokea mimi. Mara yangu ya nne ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu uliojaza uwanja mzima, ikawaka. Kuku walikimbia. Mama hakulia kama nilivyotegemea. Alisikiliza, akasema, "Bado inakohoa vile vile."

Fundi akaomba kuijaribu. Nilimkumbusha kuwa gia iko mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto, kinyume cha pikipiki zake. Akasema, "Nimekuelewa, mzee." Kwenye kona ya kwanza mguu ulisahau, akaingia kwenye migomba. Hakuumia, na ndizi tulizila jioni.

Watoto walimwomba bibi yao tuisafirishe mpaka Birmingham, ikakae mahali ilipozaliwa. Kuna makumbusho ya pikipiki karibu na mji wetu, walishaona Bantam nyingine mle, imeng'arishwa mpaka unajiona. Mama akamtazama mjukuu wake wa kiume.

"Mume wangu," alimwambia, "hiyo imezaliwa Birmingham, kama ninyi. Lakini kwao ni hapa."

Basi imebaki Marangu, na mdogo wangu aliyetaka kuiuza ndiye anayeiwasha kila Jumamosi. Mimi nimerudi na nakala za zile karatasi, na watoto wangu wamesahihisha walichoandika shuleni.

Ndugu zangu, wazee wetu waliouona usiku ule wanazidi kupungua. Mkienda likizo, ulizeni nani alikwenda na nani, alivaa nini, alibeba nini. Fungueni makopo na masanduku, andikeni majina nyuma ya picha. Na kama mlinisikia nikisema kwamba baba aliteremka Moshi kwa pikipiki usiku wa Uhuru, nawaomba mfute. Alitembea, na Mama alikuwa pamoja naye.