Profesa wa Rungwe na wodi za Muhimbili

Kila inapokaribia Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, jina la Profesa David Mwakyusa hurudi magazetini. Ndiye aliyekuwa daktari wa Mwalimu, na ndiye Watanzania waliyemgeukia kuuliza habari za siku za mwisho za Mwalimu katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1999. Kwa watu wa Tukuyu ana sura nyingine: alikuwa mbunge wao wa Rungwe Magharibi hadi 2015, na kuanzia Januari 2006 hadi 2010 alikuwa Waziri wa Afya na Ustawi wa Jamii. Ninaamini kazi yake kubwa zaidi ni ile inayotajwa kwa nadra: kufundisha udaktari.

Rungwe ni nchi ya mvua, migomba na chai, na elimu ilifika huko mapema. Wamisionari wa Moraviani walijenga kituo chao chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, na hapo darasa na dawa vilikwenda pamoja. Hata hivyo maradhi hayakukosekana. Mito ile ile inayoteremka kwa kasi kutoka milimani ndiyo mazalia ya usubi, mdudu mdogo anayeeneza minyoo inayowasha ngozi na hatimaye kupofusha macho. Ndiyo maana Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake hapo Tukuyu. Mtoto aliyekulia wilaya hiyo hakuhitaji kuambiwa daktari ni wa nini.

Lakini madaktari wenyewe walikuwa wapi? Mwaka 1961 nchi ilipopata uhuru, idadi inayotajwa siku zote ni madaktari Waafrika 12 tu kwa Tanganyika nzima. Aliyetaka kusomea udaktari alikwenda Makerere au ng'ambo. Mwaka 1963 kikaanzishwa chuo cha udaktari Dar es Salaam, na 1968 kikawa kitivo cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali vikaunganishwa kuwa Muhimbili Medical Centre, 1991 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Mwakyusa alipanda ngazi akiwa ndani ya historia hiyo, hadi kuwa profesa wa magonjwa ya ndani.

Magonjwa ya ndani hayafundishwi ubaoni peke yake. Darasa lake ni raundi. Asubuhi, katika jengo la Mwaisela hapo Muhimbili, profesa husimama kando ya kitanda, wanafunzi wamemzunguka, na mmoja wao anaeleza: mgonjwa ana miaka mingapi, alianza kuumwa lini, ametumia dawa gani kabla ya kuja. Kisha yanakuja maswali. Umepapasa bandama? Imevuka ubavu kwa vidole vingapi? Kama haijavimba, kwa nini unasema ni malaria ya muda mrefu? Mwanafunzi aliyekisia hugundulika papo hapo, mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa. Ni ufundishaji mkali, na sioni njia nyingine ya kumfanya kijana aamini vidole vyake kabla hajaomba kipimo, hasa kama anakwenda kufanya kazi mahali ambapo mashine ya kipimo hicho haipo.

Ni kwa malezi hayo Mwakyusa alimhudumia Nyerere, aliyekuwa na saratani ya damu huku akiendelea kusuluhisha mgogoro wa Burundi kule Arusha. Mgonjwa wa namna hiyo hapumziki kwa kuamriwa.

Alipopewa wizara, alikuta pengo ambalo mwalimu wa madaktari alilielewa vizuri. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza watumishi na kusimamisha ajira, na sekta ya afya iliumia pamoja na nyingine. Wahitimu walikuwapo, nafasi hazikuwapo. Wazee wakastaafu bila wa kuwarithi. Mwaka 2007 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, pamoja na kupanua udahili katika vyuo vya afya. Wananchi waliitikia kwa kuchanga na kusomba mawe na mchanga. Katika sehemu nyingi majengo yaliwahi, watumishi wakachelewa. Zahanati hujengwa kwa miezi. Daktari anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na bingwa anaongeza miaka mitatu. Wanaolaumu MMAM kwa majengo yaliyokaa bila wahudumu wana haki, ila dawa ya lawama hiyo ilikuwa vyuoni.

Na vyuo vimesogea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sasa kinafundisha udaktari Mbeya, katika Ndaki ya Sayansi za Afya, na wanafunzi wake wanapita raundi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kutoka Tukuyu ni kilomita zipatazo 70, safari ya Coaster ya asubuhi. Kizazi cha Mwakyusa kilikwenda hadi pwani kutafuta kitanda cha kujifunzia.